Rezista ya Feni ya AC Inayouzwa na Plagi Yake: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Bidhaa ninayoitathmini hapa inaenea kiganjani: ni rezista ya feni ya AC ya gari, yaani kifaa kinachopunguza kasi ya feni, inayouzwa kama seti moja pamoja na plagi mpya iliyokwisha kuungwa vipande vinne vya waya. Nimeitumia kwa miezi minane. Kabla yake nilikuwa nimenunua rezista nyingine iliyouzwa peke yake, nayo ikadumu majuma matatu tu. Wakati ule niliilaumu kwa ubovu, lakini sasa naona kwamba kasoro yake kubwa haikuwa katika koili zake (nyaya zake zilizoviringishwa) bali katika namna inavyouzwa, kwani rezista ya feni mara nyingi huungua kwa sababu ya kitu kingine kilicho jirani nayo, na anayekuuzia rezista bila plagi amekuuzia nusu ya tiba.

Gari langu lina swichi ya feni ya kuzungusha kwa mkono, yenye kasi nne. Asubuhi moja kasi ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikataa kabisa, feni haikuzunguka wala haikutoa mlio wowote, lakini nilipoisogeza swichi hadi ya nne upepo ukatoka kwa nguvu zake zote kana kwamba hakuna lililoharibika. Kwa anayeijua njia ya umeme wa feni, dalili hiyo peke yake imekwisha kumtaja mgonjwa. Katika magari ya namna hii umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi kubwa ambayo mara nyingi huwa ya ampea 30 au 40, kisha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), kisha mota ya feni, na baada ya hapo huteremka kupitia koili za rezista na swichi hadi kwenye bodi ya gari, inayourudisha umeme kwenye betri. (Yako magari yanayoiweka rezista kabla ya mota, lakini hesabu haibadiliki.) Kasi ya kwanza hupitisha umeme katika koili zote, ya pili na ya tatu hupunguza koili, na ya nne huziruka zote. Kwa hiyo feni inayofanya kazi kwenye kasi ya mwisho pekee imekuthibitishia bila kufungua skrubu hata moja kwamba fyuzi ni nzima, rilei inafanya kazi, mota inazunguka, na kwamba njia iliyokatika ni ile ya rezista.

Sikuyajua hayo siku nilipolipeleka gari kwa fundi. Alizungusha swichi mara mbili, akainama chini ya dashibodi, akaligonga ganda la mota kwa mpini wa bisibisi na kusema, "Kaka, mota hii imekwisha, tubadilishe." Nilimwuliza kama angeweza kuipima kwanza, naye akanijibu kwamba mota ya namna hiyo haipimwi, huonekana. Kugonga mota ni kipimo halali pale ambapo feni imekufa kwenye kasi zote, kwa sababu kaboni zilizolika, yaani vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, hushindwa kuigusa sehemu inayozunguka, na mshtuko mdogo huzirudisha mahali pake kwa muda, hivyo mota ikiamka kwa kugongwa umepata jibu lako. Lakini mota hii ilikuwa ikizunguka kwenye kasi ya nne mbele ya macho yetu wote wawili. Nilimshukuru nikaondoka. Baadaye, kama nitakavyoeleza, ilidhihirika kwamba alikuwa amekisia jambo lenye chembe ya ukweli, japo kwa sababu isiyo sahihi, na hilo linaniudhi hadi leo.

Kuifikia rezista si kazi kubwa. Katika magari mengi imefungwa kwa skrubu mbili kwenye mkondo wa hewa nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria, karibu na mota yenyewe. Nilitoa waya hasi wa betri, nikasubiri dakika kadhaa kwa ajili ya mfuko wa hewa wa abiria ulio jirani, na sikuzigusa plagi za rangi ya manjano, kwa kuwa ndizo za mfuko huo. Nilipoichomoa rezista ya zamani nilikuta koili zake zote tatu zikiwa nzima. Kilichokatika kilikuwa kipande kidogo mno katikati yake, kilichoshikwa kwa lehemu, ambacho mtu asiyezoea angedhani ni sehemu ya waya: fyuzi ya joto.

Fyuzi hiyo ndiyo ufunguo wa habari yote, na inafaa kueleza kwa nini ipo wakati tayari kuna fyuzi kubwa kwenye boksi. Rezista hupunguza kasi ya feni kwa kugeuza sehemu ya umeme kuwa joto, na ndiyo maana imewekwa ndani ya mkondo wa hewa, ili upepo uleule unaoupoza uso wa dereva uzipoze koili pia. Sasa tuchukulie kwamba mota imekwama kwenye kasi ya tatu, ambayo katika gari langu hupitia koili ya nusu omu (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme). Mota iliyosimama ina ukinzani mdogo sana, tuseme omu 0.4, hivyo betri ya volti 12 itasukuma ampea 13 na kidogo. Fyuzi ya ampea 30 haitashtuka hata kidogo, maana kwake huo ni mzigo wa kawaida, lakini koili ile itakuwa ikitoa karibu wati 90 za joto mahali ambapo hakuna upepo wowote. Bila fyuzi ya joto, kinachofuata ni kuyeyuka kwa plastiki iliyo jirani, na pengine moshi ndani ya gari. Fyuzi hiyo ikikatika haijakufa kwa uzembe. Imekufa kazini, na swali la kujiuliza ni nani aliyeifikisha hapo.

Sikujiuliza. Nilinunua rezista ya kwanza iliyolingana kwa umbo na idadi ya pini, nikaifunga, kasi zote nne zikarudi, nikajipongeza. Katika juma la tatu kukawa na harufu ya plastiki iliyopata moto kila nilipoiacha feni kwenye kasi ya tatu kwa safari ndefu, na siku chache baadaye kasi tatu za chini zikatoweka tena kwa mpangilio uleule. Safari hii, kabla ya kuichomoa rezista, niliitazama plagi. Pini tatu zilikuwa safi. Ya nne ilikuwa imezungukwa na plastiki ya kahawia iliyotoka malengelenge, tundu lake limepoteza umbo la mraba, na shaba yake imefifia kufikia rangi ya majani ya chai. Nilipoinusa ilikuwa ndiyo harufu yenyewe.

Nilipima kwa mita ya kawaida na mita ikanidanganya, na naamini huidanganya jamii kubwa ya watu. Plagi ikiwa imechomolewa, pini iliyoungua ilionyesha volti 12.4, nikadhani waya hauna neno. Mita haivuti umeme wa maana, hivyo hata uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya thelathini utatosha kuionyesha volti kamili, ilhali mota inahitaji ampea nyingi na uzi mmoja hauwezi kuzibeba. Kipimo cha kweli hufanywa feni ikiwa inafanya kazi. Unapenyeza sindano nyembamba nyuma ya plagi hadi iguse waya, unaweka ncha nyingine ya mita kwenye mguu wa rezista, kisha unasoma volti zinazopotea katika kiungo hicho peke yake. Katika gari langu waya wa mota unapita kwenye plagi hiyo hata kwenye kasi ya nne, kwa hiyo nilipima pale penye mzigo mkubwa, nikapata volti 0.9. Kiungo kizuri hakitakiwi kupoteza zaidi ya sehemu ndogo ya volti, moja au mbili za kumi hivi. Ukizidisha 0.9 hiyo kwa ampea 24 zilizokuwa zikipita, unapata zaidi ya wati 21 za joto ndani ya pini yenye upana wa milimita chache. Hakuna plastiki ya plagi itakayovumilia hilo kwa muda mrefu, na joto hilo husafiri moja kwa moja hadi kwenye mguu wa rezista na fyuzi yake ya joto. Asiye na mita anaweza kutumia taa ya kupimia yenye balbu ya kawaida, ambayo angalau huvuta umeme kidogo na hufifia mbele ya waya uliooza.

Hizo ampea 24 nilizipima kwa mita ya kubana inayosoma umeme wa betri. Mita ya kawaida ya mkononi isiunganishwe katika njia ya mota kwa ajili ya kupima ampea, kwa kuwa nyingi zina kikomo cha ampea 10 na utaunguza fyuzi ya mita kabla hujasoma chochote. Mota mpya ya gari langu, ambayo hatimaye niliinunua, inavuta ampea 17 kwenye kasi ileile ya nne. Tofauti ya ampea saba ilitokana na bushi zilizokauka, yaani pete zinazoushika mhimili wa mota: nilipoizungusha mota ya zamani kwa kidole haikuteleza bali ilisimama papo hapo, na chini yake palikuwa na alama ya maji yaliyowahi kuingia kutoka juu, pale chini ya kioo cha mbele ambapo majani ya miti hujikusanya na kuziba njia ya maji. Basi fundi wangu alikuwa na haki nusu. Mota ilikuwa imechoka, lakini haikuwa imekufa, na kama angeibadilisha peke yake siku ile kasi tatu za chini zisingerudi, naye angeanza kunitafutia swichi.

Hapa niseme neno kuhusu chujio la hewa ya ndani, kwa kuwa karibu kila mtu husema chujio lililoziba huielemea mota, na jambo hilo si kweli kwa feni za namna hii. Feni ya gari ni ya ngoma yenye mapezi, na ukiizibia hewa inabeba mzigo mdogo zaidi, si mkubwa. Sikiliza tu mlio wake unavyopanda ukiziba mdomo wa kuvutia hewa, sawa na mashine ya kufyonza vumbi iliyonasa kitambaa. Madhara ya chujio lililoziba ni mengine: upepo unaopita kwenye koili hupungua, rezista haipozwi, na fyuzi ya joto inafikia kikomo chake ingawa umeme unaopita ni wa kawaida. Chujio langu lilikuwa limevaa vumbi mithili ya blanketi. Kwa hiyo rezista zangu mbili zilikuwa na maadui watatu kwa mpigo, yaani mota nzito, pini iliyoungua na hewa haba, na sina budi kukiri kwamba ile rezista ya kwanza ya kununua iliwekwa katika mazingira ambayo hata ya kiwandani isingemaliza mwaka.

Sasa niingie katika seti yenyewe. Koili zake ni nene kidogo kuliko za rezista iliyoungua, zimesimikwa kwenye kibao cha kauri badala ya plastiki, na fyuzi ya joto inaonekana wazi kwa macho, jambo ninalolihesabu kuwa sifa, kwa sababu nimewahi kuona rezista za kuiga ambazo mahali pa fyuzi pamewekwa kipande cha waya mtupu. Nilizipima kabla ya kuzifunga. Ukinzani mdogo kiasi hiki hupimwa kwa uangalifu: kwanza unagusanisha ncha mbili za mita zenyewe, unaandika namba inayotokea, yangu ilikuwa omu 0.2, kisha unaitoa katika kila kipimo. Nilipata omu 2.2 kwa kasi ya kwanza, 1.2 kwa ya pili na 0.5 kwa ya tatu, sawasawa na rezista ya zamani ambayo koili zake, kama nilivyosema, zilikuwa bado nzima na kwa hiyo zilinipa kipimo cha kulinganishia.

Plagi ndiyo iliyonipendeza zaidi. Plastiki yake ni ngumu na nzito kuliko ya zamani, pini zake zinabana kwa uthabiti ambao kidole kinausikia wakati wa kuchomeka, na nyaya zake zina unene uleule wa nyaya za gari au zaidi. Hili si jambo la kupuuzwa, maana nimeona dukani seti nyingine ambazo waya wake mwembamba ungekuwa kiungo dhaifu kipya. Katika pakiti kuna viungio vinne vya kubana na vipande vinne vya mpira unaonywea ukipata joto. Nilikata nyaya za gari hadi nilipofikia shaba inayong'aa, jambo lililonilazimu kurudi nyuma karibu sentimita sita kwenye ule waya uliopata moto kwa sababu shaba yake ilikuwa imekuwa nyeusi ndani ya ganda, nikazibana kwa koleo la kazi hiyo, kisha nikavuta kila kiungo kwa nguvu kabla ya kukifunika. Kulehemu mahali penye joto kama hapa sikushauri, na kusokota nyaya kwa mkono na kuzifunga kwa utepe ni kuanzisha tatizo lilelile upya.

Malalamiko yangu juu ya seti hii ni matatu, na la kwanza ni zito. Rangi za nyaya za plagi mpya hazifanani na za gari, wala pakiti haina karatasi inayosema ipi inakwenda wapi. Anayekata nyaya zote nne kwa mpigo halafu akaanza kutafuta rangi zinazolingana atajikuta na feni ambayo kasi yake ya pili ni ya kwanza, au iliyogoma kabisa. Fuata nafasi ya tundu katika plagi na si rangi, na kata waya mmoja, unga, ndipo ukate mwingine. Pili, kitasa cha plagi ni kigumu kupita kiasi, na katika nafasi finyu nyuma ya droo, mkono mmoja ukiwa umepinda, kilinichukua muda kuliko viungio vyote. Tatu, haiji na skrubu, na zile za zamani mara nyingi zimeliwa na kutu.

Seti hii haimfai kila mwenye feni iliyokataa, na wauzaji wanapaswa kulisema hilo waziwazi kwenye pakiti. Ikiwa feni yako imekufa kwenye kasi zote pamoja na ya mwisho, usianze na rezista; anza na fyuzi, kisha rilei, ambayo unaweza kuibadilishana kwa muda na nyingine ya aina ileile kwenye boksi, kisha pima kama umeme unafika kwenye plagi ya mota. Fyuzi ikiwa imekatika, weka ya ampea zilezile, na ikikatika tena tafuta sababu badala ya kuweka kubwa zaidi. Ikiwa kasi za chini zinafanya kazi na ya juu pekee imekataa, rezista haihusiki. Tazama swichi, au rilei ya kasi ya juu kwa magari yaliyo nayo. Na magari yenye AC ya kujirekebisha yenyewe kwa kawaida hayana rezista ya koili hata kidogo, bali kijisanduku cha kielektroniki chenye bamba la alumini la kupozea, ambacho hupimwa kwa njia nyingine na hukataa kwa tabia nyingine, kama vile feni kuendelea kuzunguka baada ya kuzima swichi. Kosa jingine linaloonekana mara kwa mara ni kuikimbilia gesi ya AC. Gesi haihusiani na upepo kutotoka. Feni isipovuma unaweza kuwa na gesi kamili na kompresa nzima na bado usisikie ubaridi wowote usoni.

Niliifunga seti pamoja na mota mpya na chujio jipya siku moja, na nimeirudia kwa mita mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza, baada ya mwezi, kiungo cha pini ya nne kilipoteza volti 0.08 kwenye kasi ya juu. Mara ya pili, juma lililopita, ilikuwa 0.09, plagi ikiwa na uvuguvugu tu baada ya saa nzima ya kasi ya tatu, na plastiki yake bado ni nyeupe. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ile karatasi ya nafasi za nyaya isiyokuwamo.